Mkupuo Umekua, Pensheni Imepungua

Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watumishi ambao zamani walistaafu na mkupuo (sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja siku ya kustaafu) wa asilimia 50, kisha wakashushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, sasa watapata asilimia 40. Wenzao waliotokea kwenye asilimia 25 wakapandishwa kutoka 33 hadi 35. Ubishi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, uliokuwa umewaka tangu mwaka 2018, ukapoa. Wengi waliipokea habari ile kama nyongeza.

Kwa sehemu kubwa ni fedha zilezile. Kinacholipwa zaidi siku ya kwanza hukatwa kwenye kinacholipwa kila mwezi hadi mstaafu anafariki. Na ukichukua kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, utaona jambo ambalo halikusemwa sana bungeni wala kwenye majukwaa ya Mei Mosi: mfumo uliokuwa umevuka mstari wa chini wa kimataifa kwa unywele umerudishwa chini ya mstari huo kwa waliopewa asilimia 40, na umerudishwa kwa shangwe.

Kipimo chenyewe ni Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952 kuhusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii. Unataja matawi tisa: matibabu, fao la ugonjwa, ukosefu wa ajira, uzee, ajali na magonjwa ya kazini, familia, uzazi, ulemavu na warithi. Nchi inayouridhia hailazimiki kuyabeba yote. Inatosha kuchagua matatu, mradi moja liwe kati ya ukosefu wa ajira, uzee, ajali kazini, ulemavu au warithi. Tanzania haijauridhia. Katika eneo hili tulichonacho zaidi ni mikataba mikongwe ya fidia, kama ule Na. 17 wa mwaka 1925, tuliyoikubali mwaka 1962 mara baada ya uhuru. Lakini kutouridhia mkataba hakumzuii mtu kujipima nao, na kwa upande wa uzee hesabu ni rahisi kiasi kwamba inashangaza haifanywi mara kwa mara.

Mkataba unasema mtu aliyechangia miaka 30, akiwa na mke aliyefikia umri wa pensheni (mwaka 1952 mfanyakazi wa mfano alikuwa mwanamume, basi), alipwe pensheni isiyopungua asilimia 40 ya kipato chake cha zamani. Na mkataba unazungumzia malipo ya vipindi, yaani ya kila mwezi, katika muda wote wa uzee. Mkupuo hauingii kwenye hesabu hiyo.

Sasa chukua kanuni yetu. Kila mwezi wa kuchangia unampa mwanachama sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara wake, na wastani huo unatokana na miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Miaka 30 ni miezi 360. Gawa kwa 580, unapata asilimia 62 ya mshahara. Hiyo ndiyo pensheni kamili kabla ya mkupuo kukatwa. Ukikata asilimia 25, inabaki asilimia 46.6. Ukikata 33, inabaki 41.6. Ukikata 35, inabaki 40.3. Ukikata 40, inabaki 37.2.

Kwa hiyo kikokotoo cha mwaka 2022, kile kilicholaaniwa kila kona, kilikuwa juu ya mstari wa ILO. Marekebisho ya mwaka 2024, yaliyopigiwa makofi, yamewaacha wanachama wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi uliopewa asilimia 35, juu ya mstari kwa pointi chache za desimali, na yamewashusha chini watumishi wa umma waliorejeshewa asilimia 40. Je, ile kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko wa awali wa watumishi wa umma, ambayo watu huitaja kwa huzuni, ya sehemu moja ya 540 na mkupuo wa nusu? Ilimwachia mstaafu wa miaka 30 theluthi moja ya mshahara kwa mwezi. Kwa mizani hii ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote.

Tuiweke katika fedha. Mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 30. Kwa asilimia 33, akitumia kizidishio cha 12.5 (sehemu ya pensheni ya mwaka inayokatwa huzidishwa mara 12.5), anaondoka na mkupuo wa takribani shilingi milioni 30.7 na pensheni ya shilingi 415,900 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 anaondoka na milioni 37.2 na pensheni ya shilingi 372,400. Amepata milioni sita na nusu leo, na amepoteza shilingi 43,400 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Akistaafu na miaka 60, kuanzia umri wa miaka 72 na nusu kila mwezi ni hasara kwake, na huo ndio umri ambao hawezi tena kulima wala kuendesha bodaboda ya mkataba.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF mtu huyohuyo angeondoka na shilingi milioni 62, maana kizidishio kilikuwa 15.5, na kubakiwa na 333,300 kwa mwezi. Hapo ndipo penye kidonda cha kweli. Anayelinganisha milioni 62 na milioni 30 hawezi kutulizwa na mhadhara kuhusu Geneva, makao ya ILO, na sidhani anastahili kuhadhiriwa. Alipangiwa jambo moja kwa miaka 25 ya utumishi, akapewa jingine karibu na mlango wa kutokea. Mkataba Na. 102 haukatazi kubadili kanuni, ila unaitwika Serikali dhamana ya jumla ya kuhakikisha mafao yanalipwa, na unadai hesabu za uhai wa mfuko zifanywe kabla ya kugusa mafao au michango. Sisi tulifuata mlolongo mwingine: kanuni zikatoka mwaka 2018, kelele zikapanda, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo, zikarudi kwa sura nyingine mwaka 2022, zikarekebishwa tena mwaka 2024. Pensheni ni ahadi ya miaka 40. Imebadilishwa mara nne ndani ya miaka sita.

Kwa nini basi mfanyakazi wa Tanzania anaupenda mkupuo hata unapomuumiza? Historia ina sehemu yake. Shirika la akiba lililoanzishwa mwaka 1964, lile lililozaa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, halikuwa mfuko wa pensheni. Lilikuwa linakusanya makato na kumrudishia mwanachama fedha zake kwa mara moja. Vizazi viwili vya wafanyakazi wa sekta binafsi vilijifunza kwamba makato ya mshahara ni akiba yangu iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana mwaka 2012, sheria ilipotaka kufuta fao la kujitoa, yaani kurudishiwa michango mtu anapoacha kazi, wafanyakazi migodini walikuja juu na Serikali ikarudi nyuma. Kwao halikuwa suala la hifadhi ya jamii. Walikuwa wanadai akiba yao.

Sababu ya pili ina nguvu zaidi: pensheni ya mwezi haina meno dhidi ya bei. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni ya watumishi kilipandishwa kutoka takribani shilingi 50,000 hadi takribani shilingi 100,000, kisha kikakaa hapo kwa miaka mingi huku nauli, unga na dawa vikiendelea na safari yao. Mkataba Na. 102 unataka viwango vya pensheni vipitiwe upya kila kipato cha jumla kinapobadilika sana kwa sababu ya gharama za maisha. Sheria zetu zinaruhusu kuongeza pensheni baada ya tathmini, lakini kuruhusu si kulazimisha, na mstaafu hubaki akisubiri huruma ya bodi au hotuba ya kiongozi. Mtu mwenye akili timamu akipewa kuchagua kati ya milioni sita leo na shilingi 43,000 kwa mwezi zinazoliwa na mfumuko wa bei, atachukua milioni sita. Ana mashaka, na mashaka yake yana msingi.

Msingi mmojawapo ni deni. Watumishi wa umma hawakuwa wakichangia kabla ya mwaka 1999, lakini PSPF ikaagizwa kuwalipa pensheni kwa miaka yao yote ya kazi, kana kwamba walichangia. Pengo hilo lilikuwa la Serikali kuliziba, na likabaki wazi kwa zaidi ya miaka 20. Ilipofika Desemba 2021 ndipo PSSSF, mfuko uliorithi PSPF, ikapewa hatifungani maalumu isiyo taslimu (hati ya deni badala ya fedha) ya shilingi trilioni 2.17. Nilipoona tarakimu hiyo nilielewa kwa nini mifuko mitano iliunganishwa kuwa miwili mwaka 2018, na kwa nini ndoa ile ilihitaji kanuni mpya za mafao haraka vile. Mstaafu alilaumiwa kwa kutaka mkupuo mkubwa, wakati aliyechelewa kulipa sehemu yake alikuwa mwajiri mkuu.

Nisionekane kama niliyekuja kubomoa tu. Kuna mahali tumefanya vizuri, na pazuri kuliko pote ni fidia kwa wafanyakazi. Kabla ya sheria ya mwaka 2008 na Mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015, mfanyakazi aliyelemaa kazini alisimamiwa na sheria ya kikoloni ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000. Si kwa mwezi. Kwa maisha yake yote. Leo asiyeweza kufanya kazi kwa muda kutokana na ajali ya kazini hulipwa asilimia 70 ya mshahara, na ulemavu wa kudumu ulio mkubwa hulipiwa pensheni ya mwezi. Mkataba wa mwaka 1952 unadai asilimia 50. Ule mpya zaidi, Na. 121 wa mwaka 1964, unadai 60. Tumevuka yote miwili. Na mzigo kwa mwajiri wa sekta binafsi umeshushwa kutoka asilimia moja ya mishahara hadi nusu asilimia. Kumbe inawezekana.

Uzazi pia tumo, walau kwa wenye mikataba: siku 84 za likizo yenye malipo ni wiki 12, na wiki 12 ndicho kiwango cha Mkataba Na. 102. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 umeshasogea hadi wiki 14. Ugonjwa tumeuacha mabegani mwa mwajiri, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Mwajiri akifilisika, mgonjwa naye amefilisika. Tawi la familia halipo. Kuhusu matibabu, sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa mwaka 2023, na sheria hiyo inastahili makala yake.

Ukosefu wa ajira ndipo tunapofeli waziwazi. Fao lililokuja na mabadiliko ya mwaka 2018 linamlipa aliyepunguzwa kazini asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kama amechangia miezi 18 au zaidi. Kwa muda tuko salama, maana mkataba unaridhika na wiki 13. Hata kumnyima aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu ya msingi si kosa, mkataba wenyewe unakubali hilo. Tatizo ni kiwango. ILO inataka asilimia 45, nasi tumeishia theluthi. Mwalimu wa shule binafsi anayelipwa shilingi 600,000 akipunguzwa atapata shilingi 200,000, wakati kodi ya nyumba haikupunguzwa naye. Ndiyo maana kilio cha fao la kujitoa hakijafa. Anayedai arudishiwe michango yake yote leo anaula uzee wake, lakini anaula kwa sababu fao lililowekwa badala yake halimfikishi mwisho wa mwezi.

Michango nayo ina somo lake. Mkataba unasema jumla ya makato ya wafanyakazi isizidi nusu ya gharama zote za mfumo. Kwenye PSSSF mtumishi hutoa asilimia 5 na mwajiri 15, hapo hakuna ubishi. Kwenye NSSF mara nyingi ni kumi kwa kumi: tumesimama juu ya mstari wenyewe, hakuna hata senti ya kusogea. Anayewaza siku moja kuongeza mafao ya sekta binafsi kwa kuongeza makato ya mfanyakazi ajue kwamba mlango huo umefungwa.

Hadi hapa nimezungumzia watu wenye hati ya mshahara, na hao katika Tanzania ni wachache. Wengi wa wanaofanya kazi wako shambani, sokoni, gereji, kwenye mitumbwi na nyumba za watu. Hapa Mkataba Na. 102 unatupendelea isivyostahili. Unaruhusu nchi kuhesabu waajiriwa tu: ukilinda nusu ya waajiriwa umefaulu, hata kama mama ntilie na mkulima wa korosho hawamo. Nchi isiyo na uchumi mkubwa inaweza hata kuomba ahueni ya muda, ihesabu wa sehemu za kazi za viwanda zenye watu 20 au zaidi. Tunaweza kufaulu mtihani huo na bado wazee wengi nchini wakafa bila kuona senti ya pensheni. ILO yenyewe iliuona upungufu huo, ndiyo maana mwaka 2012 ikapitisha Pendekezo Na. 202, linalotaka kila mkazi wa nchi awe na sakafu: matibabu ya msingi, na kipato cha msingi kwa mtoto, kwa mtu mzima asiyeweza kujipatia na kwa mzee.

Kwa Pendekezo hilo, mwalimu wetu yuko ng'ambo ya bahari, Unguja na Pemba. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inamlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 Pensheni Jamii, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Ni fedha kidogo, na umri wa miaka 70 ni mkubwa. Lakini inatoka kwenye bajeti ya Serikali yenyewe, na haimpimi mzee umaskini wake mbele ya majirani. Bara tumechagua njia nyingine: TASAF, mfuko wa ruzuku wa Serikali, wenye zaidi ya kaya milioni moja zilizotambuliwa kuwa maskini zaidi. Mradi umesaidia wengi, sibishani. Ila ni mradi, wenye awamu na wafadhili, na mzee akiondolewa kwenye orodha hana mahali pa kwenda kudai kwa sababu hakuwahi kupewa haki. Ahadi ya pensheni kwa wazee wote wa Bara imesikika bungeni mara nyingi mno kiasi kwamba imezoeleka.

Neno haki linatupeleka kwenye Katiba. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ukisoma na Ibara ya 7 unakuta kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa mahakamani. Katiba imetoa haki kwa mkono wa kulia na kufunga mlango wa hakimu kwa mkono wa kushoto. Katika mazingira hayo, mkataba wa kimataifa ulioridhiwa ungekuwa na kazi halisi: Serikali ingelazimika kutoa taarifa Geneva, wataalamu wa ILO wangeuliza maswali kwa maandishi, na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, pamoja na chama cha waajiri wangekuwa na haki ya kupeleka maoni yao. Waziri anayetaka kubadili kikokotoo angelazimika kueleza pensheni ya mwezi inabaki asilimia ngapi.

Wapo wanaosema tusubiri hadi uchumi ukue. Senegal, Niger na Togo zimeridhia, na hakuna hata moja inayotuzidi kwa ukubwa wa uchumi. Tungeweza kuanza na matawi matatu: ajali kazini, uzazi na uzee. Mawili ya kwanza tunayafikia kwa wale ambao sheria inawagusa. La tatu linahitaji marekebisho mawili.

Moja ni kuiwekea pensheni ya mwezi ratiba ya kupitiwa, tuseme kila baada ya miaka mitatu, kwa kufuata mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hilo lina gharama, na mifuko italalamika, na italalamika kwa haki kama deni la Serikali halijamalizwa kwanza.

La pili halina gharama kubwa. Asilimia 40 ya mkupuo iwe ukomo, isiwe amri. Mstaafu apewe karatasi moja yenye safu tatu: ukichukua asilimia 40 utabakiwa na hiki kwa mwezi, ukichukua 25 utabakiwa na hiki, usipochukua kitu utabakiwa na hiki. Achague mwenyewe, na mwenza wake aweke sahihi. Viwango vya mkupuo vimewekwa kwa kanuni, kwa hiyo waziri mwenye dhamana hahitaji hata kusubiri kikao kijacho cha Bunge.